Shimo la Waya ya Tatu

Kioko mwanangu,

Umeenda Kathonzweni kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua, hakuachi uondoke kabla ya kukulisha mara mbili. Kwa hivyo nina mchana huu mpaka mbuzi warudi. Nimefunga mlango wa jikoni ili kuku wasinisumbue, nimekalia debe, daftari lako la zamani liko juu ya magoti. Mwandiko wangu ni ule wa ngumbaru, unaujua, unapanda mlima halafu unateremka. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndicho mwalimu wetu alichotufundisha kuandika. Kikamba ninacho mdomoni tu, kwenye karatasi kinanikimbia. Usicheke. Ama cheka, lakini usome mpaka mwisho.

Sitakuambia mambo ya kuchemsha maji na kufua soksi. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mwaitu, mimi nina miaka ishirini na mbili." Miaka yako naijua. Nilikuwepo.

Nataka kukuambia juu ya lile neno ulilosema juzi tukila. Hassan alikuwa amekaa kwenye kiti cha baba yako, hakujua ni cha nani, na mimi sikumwambia kwa sababu ni mgeni na ni mtu mzuri, ametoka Garissa mpaka hapa kuona nyumbani kwa kijana anayemchukua kazini. Nilimuuliza hiyo kazi ikoje. Akasema, "Mama, ni milingoti ya redio. Si ile ya serikali. Hii ni ya watu wanaoongea na watu wa mbali kwa kupenda tu. Leo tunasimamisha kwa mzungu, kesho kwa Mhindi, kesho kutwa kwenye misheni." Nikamwambia naijua. Akashangaa. Wewe ukacheka ukasema, "Anaijua sana. Baba alianguka na mmoja." Halafu ukasema: "Lakini mimi siwezi kukaza waya kama baba. Nitaziacha zilegee kidogo, nikae salama."

Hassan akakuambia, "Wewe legeza tu. Upepo wa kwetu utakupepeta kama shuka kwenye kamba." Mkacheka wote wawili. Mimi nikainuka kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa mezani mbele yangu.

Kioko, baba yako hakuanguka kwa sababu alikaza sana. Alianguka kwa sababu yangu. Kama utapanda huko juu na waya zimelegea kwa kuogopa kosa ambalo baba yako hakulifanya, basi nitakuwa nimewaangusha wawili.

Nimeandika hivyo, nikaweka kalamu chini. Nimetoka nje nikaangalia barabara. Bado hujaja. Naendelea.

Wewe ulikuwa mgongoni wakati huo. Mimi nilikuwa nafagia kwenye misheni, na Bruda Paulo, yule mrefu mwembamba unayemwona kwenye picha, alikuwa na redio kwenye chumba cha nyuma. Si ya kusikiliza habari. Yeye anasema, na mtu wa nchi ambayo sijui hata iko upande gani anamjibu. Siku moja nilimuuliza, "Bruda, huyo ni ndugu yako?"

"Hapana mama, mimi hapana jua yeye."

"Sasa mnauziana nini?"

"Hakuna. Yeye nasema kwake baridi sana. Mimi nasema hapa hakuna mvua."

Nilirudi nyumbani nikamwambia baba yako kwamba wazungu wanamaliza betri kutwa nzima ili wasalimiane, akacheka mpaka akashika mbavu. Lakini ni redio hiyo iliyoita daktari siku Ndunge, rafiki yangu, aliposhindwa kujifungua. Tangu siku hiyo hakuna aliyecheka tena, na Bruda aliposema anataka mlingoti mrefu ili sauti ifike mbali zaidi, kijiji kizima kilikubali.

Mlingoti wenyewe ulikuja vipande vipande, vyuma vya pembe tatu vya kupanga kimoja juu ya kingine. Ulipita mikaratusi ya kanisa. Kitu kirefu hivyo na chembamba hivyo hakisimami kwa nguvu zake. Kinasimamishwa na zile waya mnazoita stei, pande tatu, na kila waya imeshikwa na chuma kilichozikwa na simiti ndani ya shimo. Haya utayajua kuliko mimi. Lakini wewe utayajua kutoka juu. Mimi niliyajua kutoka chini, kwa sababu mashimo tulichimba sisi.

Wakati huo kina mama tulichimba kila kitu kwa mwethya. Leo matuta ya fulani, kesho bwawa, kesho kutwa choo cha shule, wote pamoja na nyimbo. Bruda alikuwa na mashimo matatu, nasi tulikuwa na vikundi vitatu, kila kikundi kikapewa shimo lake. Akakata fimbo tatu zinazolingana, kutoka kisigino mpaka kidevu changu, akampa kila kiongozi moja. Akasema, "Shimo inameza fimbo yote, ndiyo imekwisha. Hii fimbo ndiyo bwana mkubwa, si mimi." Kikundi kitakachomaliza kwanza kitapata debe la mafuta ya kupikia.

Kiongozi wa kikundi cha mlimani alikuwa mimi. Unajua nilitoka Kitui, ng'ambo ya mto Athi. Nilikuwa na miaka minne hapa na bado wananiita "yule wa ng'ambo". Kisimani nikifika, maneno yanabadilika. Yule aliyekuwa kiongozi aliugua mgongo, wakanichagua mimi, sijui kwa nini, labda hakuna mwingine aliyetaka. Lakini nilifurahi Kioko, nilifurahi kama mtoto aliyevishwa viatu.

Siku ya kwanza udongo ulikubali. Siku ya pili, asubuhi, mtaimbo uligonga kitu ukaruka ukarudi. Mwamba mwekundu. Unapiga, unapata vumbi la kujaza kiganja. Wenzetu wa mtoni walikuwa na mchanga, walikuwa wanateka tu kama unga. Wakaanza kutupitia kutuangalia.

"Kina mama wa mlimani, mnachimba ama mnamkuna mgongo huyo mwamba?"

"Waacheni. Kiongozi wao ni wa Kitui. Kule shimo ni la kupanda pojo."

Watu walicheka. Hata wangu walicheka, nikawaona. Hapo ndipo.

Wenzangu walipoenda kivulini kunywa uji, nilibaki peke yangu na wewe mgongoni umelala. Nikaiteremsha fimbo shimoni. Ilibaki juu urefu wa mkono wangu, kutoka kwenye vidole mpaka kiwiko. Nikaangalia kule kivulini. Nikaweka fimbo kwenye goti nikaivunja. Ililia mara moja tu. Nikapaka udongo pale palipovunjika pasionekane papya, na kile kipande nikakitupa kichakani.

Ndunge alikuwa wa kwanza kurudi. Alishika fimbo, akaigeuza. "Hii imekonda, ama ni macho yangu?"

Nikamwambia, "Ni macho yako."

Aliniangalia kidogo. "Sawa," akasema. "Ni macho yangu." Akashuka shimoni kuzoa vumbi.

Bruda alikuja, akaiteremsha fimbo, shimo likaimeza. Akapiga makofi. "Mlimani namba moja!" Walinibeba, Kioko. Walinizungusha uwanja wa kanisa na wewe mgongoni ukilia, na wale wa mtoni wakaimba jina langu, si "yule wa ng'ambo", jina langu. Usiniulize kama moyo ulinisuta siku hiyo. Haukunisuta. Nilikaanga chapati na yale mafuta.

Walipoweka chuma, kilitokeza juu kuliko vile vingine viwili. Bruda akajikuna kichwa. Nikamwambia, "Ardhi ya hapa imeteremka, Bruda. Tutajaza." Tukarundika udongo, tukaukanyaga kwa miguu tukiimba, ikawa nzuri hata kuliko zile nyingine. Huo ulikuwa uongo wa pili, na jasho la ule wa kwanza lilikuwa bado halijakauka.

Sasa nikuambie juu ya baba yako siku ya kukaza, kwa sababu nataka umjue vile alivyokuwa, si vile alivyojisema baadaye. Bruda alisimama kwenye shina la mlingoti na timazi ya kupimia wima mkononi. Kwenye kila waya alisimama mtu mmoja na ile skrubu ndefu ya kukazia. Baba yako alipewa waya ya tatu, ya shimo letu. Bruda anaita, "Ya kwanza, mzunguko moja. Ya pili, moja. Ya tatu, ngoja… nusu." Hakuna kukaza moja mpaka mwisho halafu kufuata nyingine, wanakwenda wakizunguka hivyo, kidogo kidogo, na timazi inasema. Yule wa waya ya pili alikuwa na haraka. Baba yako hakuwa na haraka. Alikuwa anaipiga waya na kiganja halafu anaweka sikio. Nilimpelekea maji, akaniambia, "Sikia. Ikilia nyembamba, imekazwa sana. Ikinyamaza, imelegea. Hii inaongea kama mtu mzima." Walipomaliza, yeye ndiye aliyekumbuka kupitisha waya nyembamba kwenye zile skrubu ili zisijifungue zenyewe na upepo. Bruda alikuwa amesahau. Muli baba yako, fundi ambaye hakuna shule iliyomfundisha, ndiye aliyekumbuka.

Mlingoti ulisimama kiangazi chote. Mvua ya Novemba ilipokuja, ilikuja na njaa yake ya kumeza udongo.

Asubuhi moja waya ya tatu ililegea. Bruda akasema ni waya mpya, imevutika. Baba yako akaikaza, mizunguko minne. Kesho yake imelegea tena. Alirudi nyumbani akila ugali na kushangaa. "Hii waya ina tabia gani? Jana imeongea vizuri, leo imelala kama kamba ya mbuzi." Mimi nilikuwa namwekea mboga. Nilijua. Nilijua kabla hajamaliza kusema. Shimo letu lilikuwa fupi, udongo tuliorundika ulikuwa umelewa maji, na chuma kilikuwa kinapanda, kidole kwa kidole.

Siku ya tatu alikaza tena. Siku hizo tatu, mwanangu, ndizo ninazozungumzia. Fimbo ningeweza kusema ni ujinga, nilikuwa msichana, walinicheka. Lakini siku tatu mume wangu alienda na spana yake na mimi nikamwambia, "Nenda salama, baba Kioko." Kila mara nilifungua mdomo nikaona wale kina mama wa mtoni, nikaufunga. Nikajiambia, kesho mvua itakatika, udongo utakauka, itashika yenyewe.

Mchana wa siku hiyo ya tatu Bruda alikuwa ameahidi kuongea na mtu wake wa mbali, na waya ya kubebea sauti, ile ya juu kabisa, ilikuwa imekatika. Baba yako akapanda. Mimi nilikuwa naanika mashuka ya misheni. Upepo ule wa kuleta mvua ulifika, na nikaangalia chini, si juu, kwa sababu mimi ndiye niliyejua pa kuangalia. Niliona ardhi yetu inainuka polepole kama fuko anapita chini yake. Nikapiga kelele, "Shuka!" Akanisikia. Alishuka hatua tatu. Nilizihesabu.

Ua wa makonge alioangukia ndio uliomwokoa, kama ile miaka ya baadaye ni kuokolewa. Nyonga na mguu, hayo unayajua, ile fimbo yake ya kutembelea ulikuwa unaipanda kama farasi.

Usilolijua ni hili. Bruda alienda kuangalia, lakini shimo lilikuwa limebomoka na kujaa maji, halisemi lolote. Akarudi, akauliza kwa upole kabisa, hakuwa anatafuta wa kulaumu: "Muli, ulizungusha mara ngapi?" Baba yako amelala kwenye mlango waliomfanyia machela, akajibu, "Minne. Kila siku minne." Watu wakatazamana. Mmoja akasema, "Basi ilivutwa sana." Baba yako akafunga macho akasema, "Ni mkono wangu. Mkono wangu ni mzito." Na mimi nilikuwa nimemshika mkono huo huo.

Unakumbuka alikuwa anakuita ufunge kamba za mzigo wa punda? Ulikuwa na miaka sita, ulidhani anakupa kazi ya wanaume. "Funga wewe Kioko, mimi nina mkono mzito." Hakukaza kitu tena maisha yake yote. Hata kifuniko cha chupa ya mafuta ya taa alikuwa anakiacha wazi kidogo, mimi nafuata nyuma nakifunga.

Utaniuliza kwa nini sikumwambia. Mwanzo niliogopa wale kina mama. Halafu niliogopa kufukuzwa misheni, na mimi ndiye niliyekuwa nalisha nyumba. Halafu nikamwogopa yeye. Halafu akazoea, akaacha kulalamika, nikajiambia, kwa nini nimtoneshe? Wiki ile ya mwisho aliniita karibu, akasema, "Mwambie Kioko asiwe na mkono mzito kama mimi." Nikamwambia, "Nitamwambia." Na kweli nilikuambia. Lile neno ulilomwambia Hassan juzi, mimi ndiye niliyelitia mdomoni mwako.

Siku ya mazishi, Ndunge alinishika bega pale kaburini. Wanaume walikuwa wanapima shimo na fimbo. Akaninong'oneza, "Bado ni macho yangu?" Hajaniuliza tena, na kila Jumapili ananiletea maziwa.

Sasa nisikilize, na mimi si fundi, nasema lile nililoliona tu. Waya kaza kama baba yako, na sikio. Usiziache zimelegea kwa ajili ya hofu, mlingoti unaoyumba unajiua wenyewe. Waya ikilegea mara moja, kaza. Ikilegea mara ya pili, weka spana chini, Kioko, uende uangalie udongo. Usiulize waya, waya haina la kukuambia. Muulize aliyechimba. Na kama aliyechimba anajibu haraka sana, kama anasema "ardhi ya hapa imeteremka", chimba wewe mwenyewe uone, hata kama ni mama wa mtu, hata kama anakutolea uji. Hassan akikasirika kwamba unachelewesha kazi, akasirike. Na usimdharau huyo aliyechimba. Labda kuna mtu amemcheka asubuhi hiyo.

Kile kipande cha fimbo nilirudi kukitafuta kichakani, wiki moja baada ya kuanguka. Nilikipata. Ni kile kilichochomekwa juu ya moto hapa jikoni, kimekuwa cheusi na moshi. Ulikitaka siku moja ukitengeneze mpini wa kisu, nikakupiga mkono, ukaniangalia hukuelewa. Sikuwahi kukupiga bila sababu isipokuwa siku hiyo, na sasa sababu unayo.

Nilikuwa nimepanga hivi. Barua hii na hicho kipande nivifunge ndani ya shati lako la bluu, chini kabisa ya begi. Kesho lori la Hassan likuchukue pale Kambu, uende, uvikute ukiwa mbali, siku tatu kutoka hapa. Ukinikasirikia, unikasirikie ukiwa huko, nisione uso wako. Nilikuwa nimeshalifungua begi.

Halafu nimekaa tena juu ya debe nikafikiri. Lori linakwenda siku tatu. Kama Hassan ana kazi njiani, utapanda mlingoti wa kwanza kabla hujafika chini ya begi. Na mimi nitakuwa hapa nasema, "Nenda salama."

Nimelifunga begi. Barua naiweka mezani, pale unapokalia, chini ya kikombe chako, na kipande cha fimbo juu yake. Taa nimeijaza mafuta. Nasikia kengele za mbuzi, na nadhani ile ni sauti yako, unamtania mtu kule njiani.

Ukiingia, hutanikuta ndani. Niko hapa jikoni, mlango nimeuacha wazi. Soma bila haraka. Ukimaliza, niite kwa jina lolote litakalokujia mdomoni. Nitaitika.

Syombua